Mpira wa Usukani wa Trekta Ukipasuka: Jinsi ya Kuubadilisha kwa Gharama Nafuu



Mvua ndefu ilikuwa imeshaanza upande wa Kano siku niliyokuta trekta ya kikundi kimoja imesimama chini ya mti, karibu na barabara ya kwenda Ahero. Dereva alikuwa amelala chini ya injini, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. Mwenyekiti, mama wa makamo, alikuwa ameketi juu ya debe akihesabu kwa sauti mashamba yaliyokuwa yanangoja: kumi na moja, na wenyewe wameshalipa nusu. Mpira mmoja wa mafuta ya usukani ulikuwa umepasuka.

Ushauri ulikuwa mwingi, kama kawaida. Mmoja alisema, "Fungeni na tyubu ya baiskeli na waya, itamaliza msimu." Mwingine alikuwa ameshapiga simu kwa duka la spea, akaambiwa kwamba mpira wa kampuni lazima uagizwe Nairobi na ungojewe wiki mbili. Bei aliyotajiwa ilimfanya mweka hazina anyamaze kabisa. Na wiki mbili huko Kano ni nyingi. Ule udongo mweusi una siku zake: ukikauka sana plau haiingii, ukilowa sana trekta inazama. Anayekosa siku hizo amekosa msimu.

Tulifuata njia ya tatu. Mpira ulifunguliwa, ukatiwa kwa gunia, ukapelekwa Kisumu, na mwingine wa kufanana nao ukatengenezwa tukingoja. Kesho yake saa nne asubuhi trekta ilikuwa shambani. Gharama yote, pamoja na nauli na mafuta, ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile bei ya kwanza.

Mimi si fundi. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kusimama karibu na mafundi na kuuliza maswali mengi. Lakini nimeona kwamba kikundi kinachoelewa kazi hii hakidanganywi bei, na dereva wake haumii.

MPIRA HUU UNAFANYA KAZI GANI?

Trekta ndogo za zamani kama Massey Ferguson 135, nyingi hazina usukani wa pawa. Dereva anageuza magurudumu kwa nguvu za mikono yake tu. Zile kubwa kidogo, kama MF 290 au Ford 6610, zina usukani unaosaidiwa na mafuta.

Injini inazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye valvu iliyo chini ya usukani. Dereva akigeuza usukani, valvu inapeleka mafuta upande mmoja wa silinda iliyo karibu na ekseli ya mbele, na silinda ndiyo inayosukuma magurudumu. Mafuta yaliyomaliza kazi yanarudi kwenye tangi lake dogo, halafu safari inaanza tena.

Kwa hiyo kuna mistari ya mafuta ya aina tatu:

1. Mstari wa kutoka pampu hadi valvu. Huu una presha kubwa.

2. Mistari miwili ya kutoka valvu hadi silinda, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Hii nayo ina presha kubwa, na tena inacheza kila magurudumu yakipinda. Ndiyo maana mara nyingi huchakaa mapema.

3. Mstari wa kurudi kwenye tangi. Huu una presha ndogo.

Presha kubwa ni kiasi gani? Katika trekta nyingi za umri huu ni kama bar 100 hadi 150, yaani psi 1,500 hadi 2,200. Tairi la gari dogo hujazwa kama psi 30. Basi ndani ya mpira huo mwembamba kama kidole, mafuta yanasukuma kwa nguvu mara 50 kuliko upepo wa tairi, au zaidi. Ukikumbuka jambo hilo hutafunga tyubu ya baiskeli.

JE, TREKTA INAWEZA KUTEMBEA HIVYO HIVYO?

Hili ni swali ambalo madereva wengi hulijibu kwa kubahatisha. Angalia chini. Je, kuna fimbo ya chuma inayotoka kwenye boksi la usukani hadi kwenye magurudumu ya mbele? Kama ipo, mafuta ni msaidizi tu. Mpira ukipasuka usukani utakuwa mzito sana, lakini magurudumu bado yatakusikia.

Kama fimbo hiyo haipo, na kutoka usukani hadi kwenye silinda kuna mipira na paipu tu, basi mafuta ndiyo yanayogeuza magurudumu. Hapo mpira mmoja wa silinda ukipasuka, dereva anaweza kuzungusha usukani bure na trekta ikaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Fikirieni trekta namna hiyo ikivuta trela la miwa kwenye barabara ya Muhoroni, na watoto wanatoka shule. Trekta kama hiyo haiendeshwi hata mita mia moja. Itengenezwe pale pale iliposimama.

HATARI AMBAYO WATU HAWAIJUI

Kabla ya kugusa kitu chochote, tafadhali someni sehemu hii kwa sauti kwenye mkutano.

Mpira ukiwa na tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kama uzi mwembamba ambao pengine huuoni kwa macho. Uzi huo unaweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya mkono. Hata glavu ya kawaida haiuzuii. Mtu husikia kama amechomwa na mwiba tu. Hakuna damu nyingi, na kwa saa chache za kwanza maumivu ni kidogo. Anafuta mkono, anaenda nyumbani. Lakini ndani, mafuta yanasambaa na kuua nyama. Usiku mkono unavimba. Akichelewa anaweza kupoteza kidole, au mkono wote.

Nilimfahamu kijana mmoja dereva kutoka eneo la miwa ambaye alitafuta tundu kwa kupapasa mpira injini ikinguruma. Alikwenda hospitali siku ya tatu. Leo mkono wake wa kulia una vidole vitatu.

Kwa hiyo:

- Usitafute tundu kwa mkono. Tumia kipande cha katoni au ubao, upitishe polepole karibu na mpira. Mafuta yatachora alama juu yake.

- Usikaze nati yoyote injini ikiwa inanguruma.

- Mtu akichomwa na mafuta ya presha, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Jeraha hili linahitaji daktari wa upasuaji, si dawa ya kupaka. Kwa sisi wa Kisumu na jirani, ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia. Mwambieni daktari wazi: "Amechomwa na mafuta ya haidroliki yenye presha." Neno hilo la presha linaweza kuokoa mkono.

KWANZA TAFUTA SABABU

Mpira mpya ukifungwa mahali ambapo ule wa kwanza ulikatwa na bati, nao utakatwa. Kabla ya kuufungua, uangalie vizuri:

- Kama umesagika upande mmoja, ulikuwa unasugua bati, boliti au tairi.

- Kama umekuwa mgumu na una nyufa nyingi ndogo, ni uzee, au ulikuwa karibu na ekzosi.

- Kama umevimba kama puto, mafuta yameingia kati ya matabaka yake, au ulikuwa mpira hafifu tangu mwanzo.

- Kama umechomoka kwenye kofia yake ya chuma, haukubanwa sawasawa.

- Kama mpira ni mpya bado na umepasuka katikati, huenda valvu inayopunguza presha imekwama. Hapo muiteni fundi mwenye geji ya presha, kwa sababu mkifunga mwingine nao utapasuka.

Halafu jambo moja zaidi. Mara nyingine si mpira uliokufa. Ni ringi ndogo ya raba kwenye nati, au nati imelegea tu. Panguseni kote, muendeshe injini kidogo mkiwa mmesimama mbali, muizime, halafu mtazame mafuta mapya yanaanzia wapi. Ringi ya raba ni pesa kidogo sana. Nimeona kikundi kikinunua mpira mpya kumbe ugonjwa ulikuwa wa ringi.

VITU AMBAVYO HAVIFAI

Tyubu, waya na klipu kwenye mstari wa presha: haviwezi. Vitarusha mafuta yote kwa dakika moja, na mafuta ni ghali kuliko mliyookoa.

Mpira wa kunyunyizia maji: haufai hata kwenye mstari wa kurudi, kwa sababu mafuta ya moto yanauyeyusha.

Paipu ya shaba: inainama vizuri na inavutia macho, lakini mtikisiko wa trekta unaifanya ngumu hadi inapasuka.

Paipu ya maji ya mabati: haikutengenezwa kwa presha hiyo, na ule weupe wake hubanduka na kuingia kwenye mafuta.

Kuchomelea paipu ya chuma iliyopasuka kwa welding ya mlango: inaweza kushika siku mbili. Ndani hubaki vipande vya kaa vinavyokwenda moja kwa moja kwenye valvu.

Mstari wa kurudi peke yake, kwa kuwa presha yake ni ndogo, unaweza kutumia mpira wa kawaida wa mafuta uliofungwa kwa klipu nzuri, bora uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Kama ni huu uliopasuka, kazi yenu ni nyepesi.

KUFUNGUA MPIRA WA ZAMANI

Hatua ya 1. Simamisha trekta mahali tambarare. Shusha plau chini. Zima injini, toa ufunguo, na dereva akae nao mfukoni. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Hatua ya 2. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani kushoto na kulia mara kadhaa ili kumaliza presha iliyobaki. Ngoja mafuta yapoe.

Hatua ya 3. Osha fitingi zote na sehemu zinazozizunguka. Tumia brashi na dizeli kidogo, halafu pangusa. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu inakwaruza chuma kilicholainishwa kama kioo. Valvu ni ghali mara nyingi kuliko mpira, kwa hiyo usafi katika kazi hii ni pesa.

Hatua ya 4. Weka alama. Funga uzi wa rangi kwenye mpira na mahali unapotoka, ili kulia na kushoto visibadilishane. Vikibadilishana, dereva atageuza kulia na trekta itaenda kushoto. Kama una simu yenye kamera, piga picha.

Hatua ya 5. Weka beseni safi chini. Tumia spana mbili: moja ishike fitingi iliyo kwenye valvu au silinda isizunguke, ya pili ifungue nati ya mpira. Ukitumia spana moja unaweza kupinda paipu au kung'oa meno.

Hatua ya 6. Ziba matundu yote yaliyobaki wazi kwa karatasi safi ya nailoni na raba. Usitie pamba wala kitambaa kinachotoa nyuzi.

Usiukate mpira wa zamani na usitupe hata kipande. Huo ndio kipimo chenu.

UKIFIKA KISUMU

Mafundi wenye mashine ya kubana mipira ya haidroliki wanajulikana na watu wa malori, matingatinga na mashine za kupakia miwa. Uliza kwa maduka ya spea, watakuelekeza. Usiende ukisema tu "nipe mpira wa trekta". Weka ule wa zamani juu ya meza, pamoja na ringi zake, na useme: "Ni wa usukani wa pawa, mstari wa presha, nataka unaofanana na huu." Halafu hakikisha mambo matano.

La kwanza, upana wa ndani. Hupimwa kwa inchi. Mafundi husema namba sita kwa inchi 3/8 na namba nane kwa inchi 1/2, kwa sababu wanahesabu inchi katika mafungu 16. Usikubali mwembamba kuliko wa zamani kwa sababu eti huo ndio uliobaki. Mafuta yatapita kwa shida, yatachemka, na usukani utakuwa mzito.

La pili, nguvu yake. Imeandikwa kwenye mpira wenyewe. R1 una tabaka moja la waya wa chuma ndani, R2 una matabaka mawili. Mpira wa inchi 3/8 wa R1 unakubali kazi ya bar 180, yaani kama psi 2,600. Wa R2 unakubali bar 330, kama psi 4,800. Ule wa inchi 1/2 ni bar 160 kwa R1 na bar 275 kwa R2. Kwa usukani wa trekta nyingi za zamani R1 unatosha, na ni laini zaidi kupinda. R2 ni mgumu kidogo, lakini unavumilia zaidi. Soma ule wa zamani kama maandishi bado yapo, na usishuke chini yake. Mpira usio na maandishi yoyote usinunue, hata ukipewa nusu bei.

La tatu, urefu. Upimwe kutoka ncha ya fitingi hadi ncha ya fitingi, si raba peke yake. Mpira ukiwa na presha unaweza kujivuta na kuwa mfupi kidogo, kwa hiyo usiwe umekaza kama kamba ya nguo. Ukiwa mrefu mno nao utaning'inia na kusugua.

La nne, meno ya nati na mdomo wa fitingi. Hapa ndipo watu huharibu. Fitingi za Kiingereza, za Kimarekani na za milimita zinaweza kufanana kwa macho na zikashikana mzunguko mmoja au miwili, kisha zikagoma. Ukilazimisha kwa spana ndefu, umeua meno ya valvu. Nati sahihi inaingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Ikiwezekana beba pia fitingi inayokutana nayo kutoka kwa trekta, ujaribu hapo hapo dukani. Kama fitingi ya aina yenu haipo, muulize fundi kama ana adapta. Ni rahisi kuliko kuagiza mbali.

La tano, pembe. Kama ncha moja imepinda kama kiwiko, na ya pili nayo imepinda, zinaangaliana vipi? Fundi azipange kama zilivyokuwa kabla ya kubana. Zikishabanwa hazigeuzwi.

Kisha muombe fundi apulize mpira kwa upepo baada ya kuukata na kabla ya kuubana. Msumeno huacha unga wa chuma na raba ndani. Akimaliza, azibe ncha zote mbili. Kama ana mashine ya kupima presha, aupime mkiwa hapo.

BEI INAHESABIWAJE?

Bei ya mpira uliotengenezwa ina sehemu nne: mpira wenyewe kwa urefu wake, fitingi mbili, kofia mbili za chuma zinazobana, na kazi ya mashine. Mwambie fundi aziandike moja moja. Ukipewa jumla tu huwezi kulinganisha na duka la pili. Mara nyingi utakuta mpira wenyewe si ghali; pesa ziko kwenye fitingi, hasa zile za kupinda. Kama ncha moja inaweza kuwa nyoofu bila kusugua mahali, uliza fundi. Hapo mnapunguza gharama bila kupunguza nguvu.

Mpira wa kampuni yenyewe si mbaya. Unafaa mahali ambapo fitingi ni za pekee sana. Lakini kwa mistari mingi ya usukani, mpira uliotengenezwa sawasawa na wenye maandishi ya nguvu unafanya kazi ile ile.

Na kama mstari wenu ni paipu ya chuma iliyopasuka au kuliwa na kutu? Ipeleke nzima, usiinyooshe. Mara nyingi fundi anaweza kutengeneza mpira wenye fitingi hizo hizo ukachukua nafasi ya paipu yote. Hakikisheni tu kwamba njia yake haipiti karibu na ekzosi.

KUFUNGA NA KUTIA MAFUTA

Funga ncha zote mbili kwa vidole kwanza. Tazama mstari wa maandishi kwenye mpira: ukiwa umenyooka, mpira umekaa sawa, ukizunguka kama kamba, mpira umejisokota, na utakufa mapema. Nyoosha, halafu kaza kwa spana mbili. Kaza vizuri bila kupita kiasi. Fitingi inayoziba kwa ringi mpya haihitaji nguvu za fahali.

Usiupinde mpira kwa kona kali, hasa karibu na ile kofia ya chuma. Wa inchi 3/8 upewe duara lenye nusu kipenyo cha kama sentimita 13, au zaidi. Mahali unapoweza kugusa chuma, uvalishe kipande cha mpira mkuukuu uliopasuliwa kwa urefu.

Sasa mtu mmoja ageuze usukani polepole hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, injini ikiwa imezimwa, mwingine akitazama kama mpira unavutwa au unaguswa na tairi.

Mafuta: tieni aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta au kwenye kifuniko cha tangi. Trekta nyingine zina tangi la usukani peke yake, nyingine zinatumia mafuta ya giaboksi. Usichanganye ovyo. Na kamwe usitie mafuta ya breki. Yanaharibu raba za ndani zote. Mafuta yaliyomwagika kwenye beseni msiyarudishe kama yameona udongo.

Kutoa hewa: inueni ekseli ya mbele kwa jeki na muiegemeze kwenye magogo imara. Jazeni tangi. Washeni injini iende polepole kabisa. Dereva ageuze usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, mara sita au saba. Asiushikilie mwishoni kwa zaidi ya sekunde mbili tatu, kwa maana hapo mafuta yanachemka. Mtu mwingine aangalie tangi na kuongeza, msiruhusu liishe. Mafuta yakiwa na povu, zimeni injini, ngojeni povu litulie, rudieni. Usukani ukiwa laini bila kurukaruka na pampu ikiacha kulia, hewa imetoka.

Zimeni injini na mkague kila fitingi. Shusheni trekta, muiendeshe shambani dakika kumi na tano, mkague tena. Baada ya siku moja ya kazi, angalieni kipimo cha mafuta mara nyingine.

Mafuta machafu yawekwe kwenye jerikani na kupelekwa kwa gereji inayoyakusanya. Msimwage kwenye mtaro. Mtaro unaenda Nyando, Nyando inaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota na kuvua. Wala msimpake ng'ombe.

UPANDE WA KIKUNDI

Nikirudi kwa kile kikundi cha Kano: baada ya trekta kuondoka shambani tulikaa chini ya mti ule ule na kuuliza kwa nini tulifika hapo. Dereva alisema wazi kwamba aliona mpira ule unatoa jasho tangu Januari. Alimwambia mtu mmoja, naye akasema tungoje. Hakuna aliyeandika. Usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi tulikuwa tumeshauona ufa.

Wakakubaliana mambo manne, nami nawashauri nanyi:

Moja, kuwe na daftari la trekta. Kila Jumamosi dereva na mwanakamati mmoja wanatazama mipira yote na mafuta, wanaandika, wanatia sahihi wote wawili.

Mbili, kila ekari inayolimwa itoe kiasi fulani kwa mfuko wa matengenezo, kabla ya mgao wowote. Kiasi kipangwe na mkutano mkuu, si na kamati peke yake. Pesa hizo zisikopeshwe, hata kwa mazishi. Najua hilo ni gumu kwetu, lakini wekeni mfuko mwingine wa mazishi.

Tatu, kabla ya msimu, mpira mmoja wa akiba utengenezwe kwa kipimo cha ule unaochakaa zaidi. Uzibwe ncha, ufungwe kwa nailoni, uwekwe mahali pasipo jua.

Nne, karatasi yenye vipimo vya mipira yote (upana, urefu, aina ya nati) ibandikwe nyuma ya daftari. Siku ya shida mnatuma mtu moja kwa moja. Risiti nayo ibandikwe hapo, ili msimu ujao mjue bei mliyolipa.

Tena, dereva apewe ruhusa ya kusimamisha kazi akiona mafuta yanavuja, bila kugombezwa kwamba anapoteza pesa. Anayejua kwamba atagombezwa ataficha, na anayeficha ndiye atakayepapasa mpira kwa mkono.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Trekta yetu ina fimbo ya chuma kwenye usukani, au ni mafuta peke yake? Nani atakwenda kutazama?

2. Ni mpira gani umezeeka zaidi sasa hivi, na tutaubadilisha lini kabla mvua haijaanza?

3. Mtu wetu akichomwa na mafuta saa moja jioni, gari la kumpeleka hospitali litatoka wapi?

4. Kwa kila ekari, tunaweza kuweka shilingi ngapi kwa matengenezo bila kumuumiza mwenye shamba?

Kikundi ambacho hakina trekta, bali kinakodisha, nacho kisome swali la kwanza. Mashamba ni yenu na watoto walio kando ya barabara ni wenu. Mnayo haki ya kumuuliza mwenye trekta mpira wake una umri gani.

Mungu awabariki, na mvua iwakute mmeshalima.